Mrushaji Aliyekosea Duara

Port Selby, Pennsylvania
9 Septemba 1984

Dada Ludmila,

Tumsifu Yesu Kristo, kama mama alivyotuzoeza, na natumaini magoti yako yamepunguza kelele. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Wifi yako Verona anakusalimu. Bado anapika pale shule ya msingi, anarudi jioni miguu imevimba, na nikimwambia apumzike ananiuliza tutakula nini. Kiwandani sijarudi, na sasa najua sitarudi. Mwezi wa saba walizima tanuru la mwisho la chuma. Kelele zake nilizilaani miaka yote ile, kumbe kimya chake ndicho kinachochosha zaidi. Naamka alfajiri ile ile, navaa buti, halafu nakaa jikoni nikitazama ukuta.

Kijana wetu Gerard yuko salama. Anahangaika na kazi kama vijana wote wa bonde hili.

Haya, tuje kwenye letu, mpira wa helmeti. Huko Nebraska mmeona alichofanya yule mtoto wa Pittsburgh, Marino? Jumapili iliyopita kawafunga Washington kwa pasi tano za kufunga. Tano! Amezaliwa hapo mjini, amesoma hapo mjini, na timu yetu ikamtazama akipita kwenda zake Miami, kama ilivyomfukuza Unitas wako enzi zile. Watu wa hapa tuna kipaji cha kumwaga maziwa halafu kulamba kikombe.

Lakini usianze kushangilia. Pasi tano si ukubwa. Mrushaji ndiye anayeshika mpira kila tunapoanza. Timu ikishinda ni yeye, ikifa ni yeye. Kwa hiyo hesabu pete za ubingwa, basi. Bradshaw wetu alifika fainali nne akashinda zote nne. Amestaafu Julai, kiwiko kimemfia, na tangu hapo mimi kama nimefiwa. Mwingine yeyote utakayemtaja ni mashairi ya masista.

Jibu upesi. Ukumbi wa chama cha wafanyakazi umebaki na sisi wachache tu, na Stush Banaszak anasema sijui mpira. Nahitaji mtu wa kubishana naye mwenye akili.

Mdogo wako,
Emil


Almeda, Nebraska
27 Septemba 1984

Emil mdogo wangu,

Milele, amina. Magoti yanapiga kelele kuliko kiwanda chenu, asante kwa kuuliza. Hospitali yetu imebaki na masista wanane kwa wagonjwa wale wale. Wazee wa hapa hawafi upesi. Wamelelewa kwa mahindi na upepo. Mama Mkuu Benigna anaendelea kulalamika juu ya mpira wetu wa helmeti, anasema ni vita bila sababu, lakini Jumapili mchana humkuti penginepo ila nyuma ya kiti changu, mbele ya televisheni, na rozari mkononi.

Pole kwa tanuru. Pole kwa jikoni.

Sasa nikujibu. Unahesabu pete? Vizuri, hesabu sawasawa. Otto Graham alicheza misimu kumi, akafika fainali kumi, akashinda saba. Saba, Emil. Kwa hesabu yako mrushaji mkubwa kuliko wote ni mtu wa Cleveland, mahasimu wenu. Simama ukumbini kwenu useme hivyo kwa sauti, halafu uniandikie umebakiwa na meno mangapi.

Mimi nabaki na Unitas. Si kwa sababu ya pete. Alikuwa anapanga mchezo mwenyewe kichwani, hakuna kocha wa kumnong'oneza. Na kule Chicago mwaka wa sitini, uso wake ulipojaa damu, alirudi akarusha pasi ya ushindi. Unakumbuka tulivyosikiliza redioni, baba akaacha supu ikapoa? Ukubwa ni kusimama pale pale ukijua unakuja kuvunjwa, na usiyaondoe macho kwa mwenzako anayekimbia. Hivyo ndivyo nimesema siku zote. Siku hizi nikisema, sauti haitoki vizuri. Labda ni uchovu.

Nina swali moja. Gerard alipokuwa mrushaji shuleni, aligongwa kichwani mara ngapi hasa? Hata akapoteza fahamu? Na ile timu ya mitaani aliyoichezea kiangazi hiki, nako je? Nauliza kwa ajili ya kazi yangu ya uuguzi tu.

Mbusu Verona.

Ludmila


Port Selby
21 Oktoba 1984

Dada Ludmila,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Siku zangu zote sasa zinafanana, naona leo ni jana. Tulisomesha misa ya mama yake Verona, kanisa lilikuwa nusu tupu. Wenye nguvu wamehamia Texas, tumebaki tunaokohoa. Ijumaa wanawake bado wanakaanga pirohi zetu za viazi za kuuza kwa ajili ya paa la kanisa, lakini wanunuzi ndio hao hao waliokaanga.

Umesikia tulivyowachapa San Francisco kwao? Walikuwa hawajafungwa hata mara moja. Yule mrushaji wao, Montana, naye ni mtoto wa bonde letu, kaja duniani mwendo mfupi tu kutoka hapa nilipokaa. Stush anasema Mungu alipogawa mito, sisi alitupa mto mchafu na warushaji. Habari za Graham sikumwambia mtu. Nina meno machache.

Bado nashika mnyororo kwenye mechi za shule. Siku hizi wanacheza Jumamosi mchana, kwa kuwa taa za uwanja zimezimwa. Nasimama pembeni na fimbo yangu, refa akiita tunakimbia na mnyororo wetu kupima kama yadi kumi zimetimia. Ndiyo kazi pekee niliyonayo, na naifanya sawasawa.

Swali lako la kichwa ni la ajabu. Gerard hakupoteza fahamu hata siku moja. Kengele ililia kichwani mara kadhaa, kama tunavyosema, akanusishwa chupa ya dawa kali, akarudi. Mrushaji gani hajaliliwa na kengele? Umesahau ile mechi dhidi ya shule ya Wakatoliki ya Mount Ransom, mwaka wake wa mwisho shuleni? Nilikusimulia kwa simu, lakini sikiliza tena, labda itakutoa huo uchovu.

Walimpiga wawili kwa pamoja, mmoja juu, mmoja chini. Helmeti ikamgeukia puani. Akainuka mwenyewe, hakushikwa mkono, akatembea taratibu kwenda kwenye duara la kupanga mchezo, pale wachezaji wa timu wanapoinamiana kabla ya kuanza. Ila duara lenyewe lilikuwa la Mount Ransom! Akaingia katikati yao, akainama, akaanza kuwapangia. "Sikilizeni," akawaambia, "tunakwenda kulia." Nahodha wao akamshika mabega, akamgeuza, akamwonyesha kwa kidole: "Wenzako wale pale, bwana." Uwanja mzima ulicheka. Refa alicheka. Mimi nilicheka mpaka mnyororo ukanitoka. Na baada ya hapo, Ludmila, akarusha pasi ndefu kabisa, tukashinda.

Huo ndio ukubwa, ukitaka mfano. Hajui yuko wapi, lakini mkono unajua.

Verona anakusalimu sana. Anauliza kama umepata barua yoyote kutoka kwa ndugu wengine. Mimi nimemwambia hupati.

Emil


Almeda
8 Novemba 1984

Emil mdogo wangu,

Milele, amina. Mahindi yamekwisha kuvunwa na upepo sasa haukuti cha kuuzuia. Tumezika wawili wiki hii. Sista Benigna ana mafua na anatuagiza kwa kengele.

Kisa chako cha Mount Ransom nilikisoma kwa sauti mezani, jioni. Masista walicheka, Orville fundi wa boila akacheka mpaka akashika meza. Mmoja tu hakucheka. Alisema siku hiyo haikumbuki kabisa, hata kidogo, halafu akaweka kijiko chini akaondoka.

Nimesoma tena nilichoandika hapo juu. Sitakifuta. Nimechoka kukuficha, Emil.

Gerard yuko kwangu. Alifika mwezi wa nane kwa basi, ana begi moja na anwani yangu kwenye kipande cha gazeti. Baadaye mwenye duka aliniambia alimwona akipita mbele ya hospitali mara mbili, anasoma bango, anaendelea kwenda. Anamsaidia Orville kwenye boila, anafua mashuka, ni mchapakazi. Anaishi kachumba nyuma ya dobi. Mchana hulala na taulo usoni kwa sababu mwanga unamchoma. Akitumwa vitu vitatu analeta kimoja, na anasimama na hicho kimoja mkononi anakitazama kwa aibu.

Julai, kwenye ile timu ya mitaani, walimwangusha akazimia kweli. Ninyi aliwaambia amelala kwa rafiki. Daktari Lindqvist amempima mara nyingi. Anasema ubongo umetikiswa miaka mingi, pigo la Julai ni la mwisho tu. Anasema ni kama yai: ganda zima, ukilivunja ndani kiini kimevurugika. Baadhi ya vitu vitarudi. Vingine hajui. Anachojua ni kwamba asigongwe tena maisha yake yote.

Aliniapisha nisiwaandikie. "Shangazi, mwambie baba nimepata kazi, basi." Nikamuuliza, "Unamwogopa?" Akasema, "Simwogopi. Ataniambia niinuke, nisimame."

Nawe uliniandikia yuko salama, hali hukujua hata mji aliolala. Tumedanganyana vizuri, mimi na wewe, katikati ya Unitas na Bradshaw.

Mwonyeshe Verona barua hii. Usimsomee, mwonyeshe.

Ludmila


Port Selby
14 Novemba 1984

Sista Ludmila,

Verona aliisoma kabla yangu. Alisimama nayo mlangoni na koti lake bado mwilini.

Tangu Agosti mke wangu anapigia simu marafiki wa mtoto mmoja mmoja. Amekwenda kituo cha mabasi mara nyingi mpaka mkata tiketi anamwona anatikisa kichwa kabla hajafungua mdomo. Na wewe ulikuwa unaniandikia juu ya Otto Graham.

Anaondoka kesho. Mimi siendi. Jumamosi kuna mechi ya mtoano na mnyororo hauna mtu mwingine.

Huyo daktari wako hajawahi kushika mpira. Kichwa kinauma, kitaacha kuuma. Unitas alijaa damu akarudi uwanjani. Hayo sikuyaokota barabarani, wewe ndiye uliyenifundisha, pale kwenye redio, mimi bado kijana mbichi.

Emil


Almeda
18 Novemba 1984

Emil,

Verona amefika. Alimshika mwanawe masikio yote mawili kama mtu anayekagua sufuria, halafu akaenda kuosha vyombo vyetu vyote, hata visafi. Amelala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Gerard alimtambua mara moja, usiwe na wasiwasi huo.

Nilikufundisha, ndiyo. Nilikuwa msichana na sauti ile ya redioni ilinipa baridi mwilini. Sauti ya redio haikutuambia Unitas aliamkaje kesho yake.

L.


Port Selby
25 Novemba 1984

Dada Ludmila,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika nikiwa jikoni peke yangu, na sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na hali ya hewa. Mvua ya theluji. Paka wa jirani amezaa chini ya ngazi yetu.

Jumamosi ile tulikuwa mbele kwa pointi mbili, robo ya mwisho. Mrushaji wetu mwaka huu ni Corey Washko, kijana mrefu, miaka kumi na saba, baba yake tulikuwa zamu moja kwenye tanuru. Walimpiga kutoka nyuma, hakuwaona. Kichwa kikadunda chini. Niliisikia ile sauti kutoka pembeni, na nilishaisikia mara nyingi, lakini siku hiyo niliisikia.

Akainuka mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Akaanza kutembea kuelekea duara, na duara halikuwa letu.

Jukwaa likaanza kucheka. Kocha Fusaro akawa anawapigia kelele wachezaji, "Mgeuzeni! Mgeuzeni huyo!"

Mimi nikaweka fimbo chini. Sikufikiri lolote, Ludmila, usije ukaniona nimepata hekima. Miguu ilikwenda tu. Nikaingia uwanjani na koti langu la mvua.

"Emil!" Fusaro akanifuata. "Toka uwanjani! Umelewa?"

"Mtoe kijana."

"Amesimama, humwoni?"

"Namwona. Ndiyo maana nasema mtoe."

"Zimebaki dakika tatu, mzee! Tatu! Mpishe acheze!"

Nikamuuliza Corey, "Leo siku gani, mwanangu?" Akanitazama kwa adabu kabisa, akaniambia, "Subiri, kocha." Mimi, kocha. Nikamshika mkono kama mtoto wa chekechea, nikamtembeza mpaka jukwaani kwa mama yake. Refa alitupa kitambaa, tukaadhibiwa yadi kumi na tano kwa ajili yangu. Waliingiza mrushaji wa akiba, mtoto mdogo anatetemeka, pasi yake ya kwanza ikanaswa na wapinzani. Tulifungwa. Msimu umekwisha.

Jumatatu walikuja kuchukua koti la kazi, wakasema wamempata mtu mwingine wa mnyororo. Ukumbini nikiingia wanakumbuka wana shughuli. Stush peke yake ndiye aliyeniambia usoni: "Bonde hili halina kazi, halina kiwanda, halina kanisa lenye paa. Tulibakiwa na Jumamosi, nawe umetunyang'anya." Alisema kweli.

Jana baba yake Corey alikuja. Nilimwona dirishani nikajua amekuja kunipiga, nikafungua mlango niyamalize. Alisimama barazani. Akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka.

Mwambie Verona mabomba hayajaganda. Gerard usimwambie lolote, au mwambie. Fanya unavyoona.

Emil


Almeda
16 Desemba 1984

Emil mdogo wangu,

Milele, amina. Usidhani nimekunyamazia. Homa iliingia wodini, tumekesha na wagonjwa zamu kwa zamu, barua yako nimetembea nayo mfukoni mpaka imekunjika kama leso. Verona anakusalimu, atabaki hapa mpaka baada ya Noeli. Ameliteka jiko. Masista wamenenepa kwa mkate wake wa kokwa za jozi na Benigna ameanza kuomba dua ya theluji ifunge barabara asiweze kuondoka.

Nilimsomea Gerard. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na boila, anakausha glavu.

Akauliza, "Walifungwa?"

"Walifungwa."

"Kwa sababu ya baba?"

"Kwa sababu ya baba yako."

Akazigeuza glavu upande wa pili. "Mechi ya mtoano," akasema. "Na tulikuwa mbele." Halafu, "Fusaro atamchukia mpaka kaburini." Akacheka kidogo, cheko lile lake la zamani la puani, halafu likageuka likawa kitu kingine, nikaenda kupanga mashuka nimwache.

Kesho yake nilimkuta anasoma barua hiyo mwenyewe, kidole chini ya kila mstari. Nimempa aiweke.

Juu ya mabishano yetu. Nimewafikiria wote tuliowataja, wako na wangu, nikiwa nimekaa na wagonjwa wangu wasiokufa. Tunawajua Jumapili tu, Emil. Hakuna hata mmoja kati yao tuliyewahi kumwona Jumatatu. Kwa hiyo sina wa kumtaja. Usifikiri umenishinda.

Njoo.

Ludmila


Port Selby
22 Januari 1985

Dada Ludmila,

Tumsifu Yesu Kristo. Verona alirudi salama Epifania ilipopita, akakuta nyumba safi, akanitazama kwa mashaka. Ananiambia mambo ya Gerard kidogo kidogo, kama mtu anayempa mgonjwa uji. Shuleni wamempunguzia saa za kazi. Kwa hiyo sasa tunakaa jikoni wawili.

Ulitazama fainali juzi, najua, na Benigna nyuma ya kiti. Watoto wawili wa huku kwetu, Marino na Montana, mmoja mmoja kila upande, na sisi tuliowazaa tukitazama kupitia televisheni ya ukumbi yenye picha ya kijani. Walinifungulia mlango. Stush alisogeza kiti kwa mguu, na kwake hiyo ni hotuba.

Thelathini na nane kwa kumi na sita. Montana alimfanya yule mtoto mwenye pasi zote zile aonekane mwanafunzi. Mchezo ulikuwa mzuri, nadhani. Mimi kila waliporundikana nilikuwa nahesabu wanaoinuka, halafu natazama wanaelekea upande gani. Nilijikuta nimechoka kuliko waliocheza.

Mwishoni wakaanza, kama kawaida. Huyu anasema Montana sasa, yule anasema Bradshaw milele, mwingine akamtaja Unitas wako. Stush akageuka. "Na wewe, Emil? Nani mkubwa kuliko wote?"

Nikasema sijui.

Mtu mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nimekata tiketi ya basi ya mwezi ujao. Nakuambia wewe kwanza ili nisiweze kurudi nyuma. Ila nina tatizo, dada, na sijamwambia Verona. Sijui nitaongea nini na kijana. Tangu azaliwe, mimi na Gerard tumeongea mpira. Sina maneno mengine ya kumwambia mwanangu, sijui hata kama yapo.

Emil


Almeda
30 Januari 1985

Emil,

Lete koti zito na soksi za sufu. Chumba chake kina kiti kimoja. Nimeongeza cha pili. Mchana anapolala gizani, ingia ukae. Haombi maneno.

Ludmila


Port Selby
3 Machi 1985

Dada Ludmila,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika nyumbani. Basi lilikwama Iowa kwenye theluji, tukalala vitini, na mwanamke mmoja akatugawia mayai ya kuchemsha. Verona anasema nimekonda, nami nimemwambia amwandikie Benigna kuhusu hilo. Kiwandani wameanza kung'oa mabati. Yanaanguka mchana kutwa, na sasa angalau kuna kelele.

Asante kwa kila kitu. Kituoni nilitaka kukuambia jambo, lakini ulikuwa umenishika mkono na mimi sikujiamini.

Ni la asubuhi ile ya mwisho. Wewe ulikuwa wodini. Mimi na Gerard tulikuwa tunaondoa theluji kwa makoleo mlango wa nyuma, kofia yake ameivuta mpaka nyusi kwa ajili ya mwanga. Siku zote nilizokaa kwenu hatukuwa tumetaja mpira hata mara moja. Nilikuwa nimejiapia. Basi akaegemea koleo lake, akaniuliza, "Baba, ile fainali. Mwishowe nani alishinda, Marino au yule mwingine?"

Unajua hakuitazama, televisheni inamuumiza. Nikamwambia, Montana, thelathini na nane kwa kumi na sita.

"Ah, vibaya," akasema. "Nilimtaka Marino."

Tukaendelea kuchota. Tulikuwa bado hatujafika getini akaegemea tena. "Baba, fainali ile, nani alishinda?"

Nilimtazama usoni nikidhani ananitania, zamani alikuwa mtani sana. Hakuwa ananitania. Nikamwambia. Akasema vibaya, alimtaka Marino.

Mara ya tatu tulikuwa ndani, karibu na boila, tumeshika vikombe vya kahawa ya Orville. Akaniuliza kwa sauti ile ile, macho yale yale ya mtu anayesubiri habari mpya. Safari hiyo sikumpa jibu. Nilivuta ndoo nikakaa mbele yake, nikaanza mwanzo kabisa. Nikamwambia jinsi Miami walivyokuwa wanaongoza kumi kwa saba, na Marino anarusha upesi upesi, na sisi ukumbini tukajua leo ni leo. Halafu Montana akaanza kukimbia na mpira mwenyewe, na walinzi wakawa hawajui wamfuate au wabaki. Nilimsimulia pasi moja moja. Nilizozisahau nilizitunga. Alisikiliza mwili mzima, Ludmila, na kila nilipotaja pasi mkono wake wa kulia ulisogea kidogo juu ya goti.

Nilipofika mwisho akapumua. "Mchezo mzuri huo, baba," akasema. "Asante. Hakuna mtu aliyenisimulia."

Sikumwambia kwamba nilishamsimulia.

Emil